Bolti Zinazong'aa Hazimdanganyi Tena Fundi Leonia

Saa tatu asubuhi, ufukwe wa Katonga, kando ya ziwa. Leonia Nehemia amepiga magoti ndani ya boti ya mizigo na abiria. Mbele yake kuna bolti nane alizozifungua kwenye kiungio cha injini na shafti ya propela. Zinang'aa kama vijiko vya harusi. Anazipaka dawa nyekundu, anasubiri, anazifuta, kisha anazipulizia unga mweupe.

Kwenye bolti tatu, dawa iliyopenya ndani inajitokeza kama mistari myembamba myekundu.

"Zina nyufa," anasema. "Boti haiendi."

Mwenye boti, Nassib, anacheka. Abiria kumi na tisa wa kwenda Ilagala wanasubiri ufukweni.

"Fundi, leo umeamkaje? Hii stenlesi ngumu kuliko zote, nimeiagiza mwenyewe. Kutu iko wapi?"

"Ndiyo ubaya wake, kaka. Ingekuwa na kutu ungeiona."

Leonia, miaka arobaini na mmoja, anaujua ugonjwa huo. Chuma hicho hupikwa kwa joto mpaka kiwe kigumu kupindukia. Kikikazwa mno huku kikilowa maji ya chumvi, hupasuka kimyakimya. Na chumvi ya Uvinza ndiyo mzigo wa boti hizi. Magunia hupangwa juu ya shafti ili yasifikiwe na mawimbi, kumbe yanachuruzikia bolti.

Kosa la kukaza mno aliwahi kulifanya mwenyewe. "Nilikuwa nachomeka bomba kwenye spana, nakaza mpaka bolti ilie. Nilijiona mjuzi!"

Miaka mitatu iliyopita bolti alizozikaza hivyo zilikatika boti ikiwa katikati ya ziwa. Watu ishirini na sita walielea ndani ya boti siku nzima. Mmoja wao, Eufrasia, alijifungulia humo. Mtoto hakuishi.

"Naumia mpaka leo," anasema Leonia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, ila ufa huu hauzibiki. Bolti hutupwa.

Nassib bado anabisha. Leonia anashuka ufukweni, anaegemeza bolti moja yenye ufa kwenye jiwe, anaigonga kwa nyundo mara moja tu. Inakatika vipande viwili.

"Jamani, shusheni mizigo yangu!" anapiga kelele mama mmoja.

Nassib anaviokota vipande, anavitazama. "Haya, dada. Funga mpya. Tutaondoka kesho."

Mpya ni za chuma kilekile, ila zimepikwa zisiwe ngumu mno, na anazikaza kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza isizidi. Chumvi itahamia mbele ya boti, mbali na shafti. Sasa anataka kila boti ya hapa ikaguliwe kila miezi mitatu. Kati ya wenye boti arobaini, kumi na mmoja wamekubali, Nassib akiwa wa karibuni kabisa.

"Bado ishirini na tisa," anasema. "Nitawafuata mmoja mmoja. Wakinifukuza asubuhi, jioni nitarudi."