Nyimbo Zilizomliza Mama Mdogo

Nyimbo za huzuni siziamini hata kidogo. Nimewaona wanaume wa Musoma mjini wameinamisha vichwa baa, machozi yanawalengalenga kwa sababu mwimbaji fulani ameachwa na mpenzi wake, kisha wakitoka hapo wanakwenda nyumbani kuwanunia wake ambao hawajawaacha. Nimewaona wanawake wakilizwa na wimbo wa Kilingala ambao hawaelewi hata neno moja. Mtu akilia mbele yangu kwa sababu ya wimbo, huruma yangu huchelewa kuja. Kwanza najiuliza, huyu analia nini hasa? Tabia hii niliipata Bukima, kwa mama mdogo, miaka ile ambayo sabuni ilikuwa mali ya kufungiwa kabatini.

Huyo mama mdogo ni mke wa mdogo wake baba. Sisi tulikaa Buhare, pembeni mwa mji, kwa kuwa baba alikuwa na kazi ya serikali. Wao walibaki Bukima, kando ya ziwa, kwenye uwanja mmoja na bibi, mama yao mzazi. Baba mdogo alikuwa mvuvi, mtu wa maneno mengi na mashati mazuri. Mkewe alitoka upande wa Butiama, kwa watu wa ng'ombe, na alipoolewa alikuwa hajawahi kupara samaki. Alijifunza haraka, akazaa watoto wawili wa kiume, na hakuna aliyekuwa na neno naye.

Wakati huo madukani hapakuwa na kitu. Tulifulia majani ya mpapai, chai tulikunywa bila sukari na kujidai tumeizoea. Watu wa ziwani walikuwa na njia yao. Unapakia samaki wakavu kwenye mtumbwi, unavuka upande wa Kenya, unarudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Serikali iliita magendo, sisi tuliita kwenda ng'ambo. Kisha ukaja msako wa walanguzi, watu wakawa wanatupa sabuni vyooni kwa hofu. Katika siku hizo baba mdogo alivuka na hakurudi. Mtumbwi wake ulikutwa umenasa kwenye matete, mtupu, kasia likiwa ndani.

Ukoo ukangoja mwili uelee, haukuelea. Kwetu, mtu akizama na ziwa likagoma kumrudisha, hukatwa shina la mgomba la kimo chake, huvishwa nguo yake, huviringishwa shuka na kuzikwa kama ndiye yeye, na matanga hukaliwa kama kawaida. Bila hivyo msiba hauishi, na mke haijulikani ni mjane au ni nani. Mke ndiye anayefungua kilio. Akishalia yeye, wengine wote wanaruhusiwa kulia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, kwa hiyo nilikuwa na akili za kutosha kuona kinachoendelea. Mwinjilisti aliomba uwanjani, akafunga Biblia yake na kuondoka kabla shina halijatolewa ndani, na hakuna aliyemlaumu. Bibi mwenyewe ndiye aliyeingia kufungua sanduku la mwanawe na kuchagua nguo. Alikaa humo muda, akatoka na shati la mistari. Kisha mama mdogo akasimama afungue kilio. Sauti ilitoka, ndefu, ya kufaa kabisa, lakini macho yalikuwa makavu. Alijaribu tena. Wanawake wakaanza kutazamana.

Bibi akamsogeza pembeni kwa kiwiko, akaanza yeye. Bibi alikuwa mwimbaji wa misiba, aliyefuatwa toka vijiji vya mbali. Alikuwa na namna yake ya kumwita maiti kwa vyakula alivyovipenda na safari alizokwenda, moja baada ya nyingine, mpaka unaona kama mtu huyo yuko njiani anakuja kula. Siku hiyo walilia hata wale waliofuata chakula tu. Mimi pia nililia, na baba mdogo sikuwa nampenda kiasi hicho.

Matanga yalipoanuliwa, maneno yakaanza. Aliyeyaanzisha ni baba mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa bibi, ambaye shamba lake lilipakana na la marehemu. La marehemu lilishuka mpaka kwenye mchanga, mahali pazuri pa kuanikia dagaa, na baba mkubwa alikuwa akilitazama kwa muda mrefu. Alisema mke asiyemlilia mumewe anajua mumewe aliko. Na kama mume yuko hai, basi hapa hakuna mjane, kuna mwanamke aliyeachwa, na aliyeachwa hurudi kwao, watoto wakabaki na ukoo. Mjane mwenye watoto wa kiume hakuna wa kumgusa. Huko Butiama kaka yake alikuwa amekwisha kuoa kwa ng'ombe wale wale waliotolewa kwa ajili yake, kwa hiyo hata kwao hakuna ambaye angefurahi kumwona na mzigo wake kichwani. Watoto wake na shamba lake vilikuwa vimetundikwa kwenye macho yake, kama yanatoa maji au hayatoi.

Mimi niliachwa Bukima nimsaidie kazi. Baba mkubwa akaniita pembeni, akanisifu kwa kusoma, kisha akaniomba niwe natazama tazama tu, nikiona kitu nimwambie. Nikasema sawa, kama mtu anavyomwambia mkubwa sawa. Sikuwa na nia ya kumwambia lolote. Lakini nilitazama, kwa sababu hata mimi nilikuwa na mashaka yangu.

Baba mdogo alikuwa ameacha redio. Betri zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo tulizianika juu ya bati zikapata nguvu kidogo, tukapata muziki wa mchana mpaka sauti ianze kuzama. Zikipigwa kwaya za mazishi, za kuagana na kukutana mbinguni, mama mdogo alichambua dagaa huku akifuatisha, mtulivu kabisa. Siku moja ukapigwa wimbo wa dansi, mwimbaji analalamika kwamba mwenzake aliaga anakwenda mara moja tu, na yeye ameweka chakula kikapoa. Mama mdogo alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama. Alilia kwa mabega, bila sauti, mpaka ugali ukaungua na mimi nikauepua.

Nikaanza kumpima. Sisemi ni jambo zuri, nasema nilifanya. Nilizungusha kitufe cha redio, nikaacha wimbo huu, nikatoa ule, na jicho moja likawa kwake. Wimbo wa kifo haukumtikisa. Wimbo wa yatima alisema ni mzuri, akaomba chumvi. Ukija wimbo wa aliyeachwa, hata ule wa Kizaire ambao tulijua ni wa aliyeachwa kwa namna tu mwimbaji alivyovuta pumzi, machozi hayo. Nikaona hizi huzuni mbili watu wanazozichanganya si ndugu kabisa. Aliyekufa hakutaka kwenda, humdai maelezo. Aliyekuacha alipiga hesabu, akakuona wewe ni mtu wa kuachika. Nyimbo za namna hiyo zinarudia swali moja tu, kwa nini, na mama mdogo alilia kila swali lilipofika.

Tukiwa tunageuza dagaa mchangani, nikamuuliza bila kuzunguka kama anajua mumewe aliko. Hakuinua kichwa. Aliendelea kutawanya dagaa kwa viganja.

"Suti yake ya kanisani haipo," alisema. "Nilimuona anaikunja. Nikafikiri anaenda kuiuza huko. Mtu anaendaga kununua sabuni na suti?"

Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yake, na kidogo nikamwogopa yeye mwenyewe, mtu anayeweza kusimama mbele ya ukoo mzima na kumfungulia kilio mume ambaye amevaa suti ng'ambo. Nikamwambia asiwashe redio watu wakiwepo. Akasema redio ndiyo msiba wake, kwa sababu ule wa uwanjani ulikuwa wa mgomba.

Miaka ikaenda. Mambo yakafunguliwa, ikawa ruksa hii na ruksa ile, sabuni zikapangwa madukani za kila rangi na tukakosa pesa za kuzinunulia. Mama mdogo akawa anapeleka dagaa mnada wa Bunda na kurudi na mitumba. Huko Bunda ndiko maneno yalikotokea. Muuza mitumba mmoja aliyekuwa akipita njia za Kenya alisema amemwona mtu wa Bukima kwenye mji wa ziwani kule, fundi wa mitumbwi, ana mke na nyumba. Mama mdogo alipofika nyumbani maneno yalikuwa yamemtangulia. Baba mkubwa akaita kikao cha ukoo.

Nilitumiwa ujumbe nifike kutoka Musoma, ambako nilikuwa nimepata kazi ya ukarani. Nilijua naitiwa nini. Wazee wamekaa kwenye viti, wanawake mkekani, mama mdogo amekaa peke yake karibu na mlango, na wanawe wamesimama nyuma yake, warefu sasa. Baba mkubwa alieleza habari za ng'ambo kwa sauti ya masikitiko ambayo sikuiamini. Kisha akanigeukia, akasema nilikaa na huyu mwanamke siku za msiba, nieleze wazee alichokuwa akikililia, na kama aliwahi kumlilia mumewe.

Nilikuwa nimeandaa uongo toka Musoma, uongo mzuri wenye vituo vyake, ukapotea wote. Bibi akainuka kwenye mkeka kabla sijasema lolote.

"Mwanangu nilimzika," alisema. "Nguo nilimchagulia mwenyewe, na nilimuimbia mwenyewe. Anayesema niliimba uongo, asimame aseme na mimi niko hapa."

Hakusimama mtu. Nilishangaa kidogo, halafu nikawatazama mmoja mmoja nikaelewa. Hakuna aliyekuwa pale ambaye bibi hakumwimbia mama yake, au mkewe, au mtoto. Kama kilio kile kilikuwa cha uongo, nani angejua kipi kilikuwa cha kweli? Baba mkubwa alikohoa, akatazama shamba kwa mara nyingine, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Mama mdogo alibaki mjane.

Nilimsindikiza bibi kuchukua kuni mchana huo, nikamuuliza kama alijua. Akanijibu kwamba alipofungua sanduku alitafuta suti ya kumvisha, hakuiona, akajua pale pale. Akachukua shati lililokuwa juu, akatoka.

"Sasa bibi, ulikuwa unalia nini vile?"

"Nilikuwa namlilia mtoto aliyeondoka hajaniaga," alisema. "Ningemlilia lini tena?"

Toka siku hiyo nimepata jibu langu kuhusu nyimbo za huzuni, ingawa bado sizipendi. Wimbo ni shina la mgomba. Unalivisha shati la mtu wako, unalilia mbele za watu bila aibu, na kila mmoja anadhani ameona maiti. Ndiyo maana lugha haijalishi, na ndiyo maana yule wa baa anaweza kumlilia mpenzi wa mwimbaji na kumpita mkewe mlangoni. Kilichozikwa mle ndani anakijua yeye.

Baba mdogo alirudi wakati wa sangara, viwanda vilipoanza kununua samaki na kila mtu aliyekuwa nje akasikia kwamba ziwani kuna pesa. Nilikuwa Bukima kwa likizo. Alikuja asubuhi kwa miguu kutoka barabarani, amenenepa, amevaa suti ya kijivu, redio kaseti begani. Wanawe walimtazama kama wanavyomtazama mnunuzi wa samaki. Bibi alikuwa kwenye kigoda anamenya mihogo.

"Mama, shikamoo," alisema.

Bibi hakuitikia. Aliweka kisu chini, akainuka, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo ule ule wa siku ya mgomba, toka mwanzo. Akamwita kwa vyakula alivyovipenda. Akamwita kwa safari zake, ya kwanza na babaye kuvua, ya kwenda Butiama kuposa, mpaka ile ya mwisho ya kwenda ng'ambo kutafuta sabuni. Hakuruka kitu. Baba mdogo alishusha redio, akakaa chini uwanjani na suti yake, akalia kama mtoto. Sijui alimlilia nani. Nilimtazama vizuri, na machozi yake nayo sikuyaamini yote, ila yale ya katikati, pale bibi alipofika kwa babaye.

Mama mdogo alipanda kutoka mchangani na beseni la dagaa kichwani. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, macho makavu, kama siku ile. Kisha akaenda kuanika dagaa zake juani.

Bibi alipomaliza alifuta uso kwa khanga, akaniagiza nilete maji kwenye kikombe cha wageni. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Haya mgeni," alisema. "Unatokea wapi?"

Baba mdogo alipokea kikombe. Alimtazama mkewe kule juani, akamtazama mama yake, kisha akautaja ule mji wa ng'ambo. Bibi akamwambia ni mbali huko, anywe maji aanze kurudi, jua lisije likamkuta njiani.