Nilivyovushwa Barabara Hanoi Nikienda Kumposea Mpwa Wangu

Hapa Niboye, mtaa wa Kigali ninakoishi, posa nyingi hazipiti bila mimi kuitwa. Si kwamba nina mali. Nauza misumari, rangi na mabomba. Ninaitwa kwa sababu ya mdomo. Siku ya gusaba, yaani siku ukoo wa kijana unapokwenda kuomba binti, lazima wawe na msemaji, umukwe mukuru, na upande wa binti nao huwa na wa kwao. Kazi ya huyo wa kwao ni kukukatalia. Atasema binti unayemtaja hawamjui, au wanamjua lakini amekwenda utawani, au ameshaposwa na watu wenye ng'ombe wanono kuliko wako. Kazi yako wewe ni kumjibu kwa methali na mzaha, fimbo mkononi, mpaka achoke, acheke, atoe. Ukoo unaomtoa binti bila ubishi watu huucheka: kumbe walikuwa wanatafuta pa kumtupa! Mimi sijawahi kurudi mikono mitupu, na nalisema hilo bila haya kwa kuwa ni kweli.

Kwa hiyo mpwa wangu Yvan alipopiga simu kutoka Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, mama yake alijua pa kwenda. Yvan alikwenda huko kusomea uhandisi wa maji, akapata kazi, kisha akapata mchumba aitwaye Linh. Walitaka kuoana na kuja kuishi Kigali. Dada yangu Domitila ni mjane na huyo ndiye mwanawe pekee, lakini daktari wake wa Kibagabaga alikuwa amemkataza safari ndefu kwa sababu ya miguu kuvimba. Alikuja dukani akasimama mbele ya makopo ya rangi.

"Fausti, utakwenda."

"Dada, kule wanasema Kivietnam. Mimi nimelelewa Ngara, nina Kiswahili na Kinyarwanda basi."

"Watoto wa watu unawasemea mtaa mzima. Leo ni zamu ya mwanangu ndiyo lugha imekuishia? Utakwenda, na usirudi bila mkwe wangu."

Uwanja wa ndege wa Kanombe, jioni. Nilikuwa na sanduku, kikapu cha agaseke chenye mfuniko mrefu uliochongoka, kahawa, asali, picha ya ng'ombe ndani ya fremu, na fimbo yangu. Picha ilikuwa ya ng'ombe wa mahari, ambaye mwenyewe alibaki Bugesera akila majani. Hayo yote yalipita. Fimbo ikakwama.

"Muzee, iyi fimbo iko ya nini?" akauliza kijana wa ukaguzi.

"Ya kuposea."

"Sasa mu ndege iko nani wa kuposa? Itaenda kurara chini na mizigo."

Nikakaa angani usiku mzima bila kujua mikono niiweke wapi.

Hanoi, asubuhi. Yvan alinipokea kwa kunikumbatia, nasi tukaingia mjini kwa teksi. Nilijua mji ni mkubwa, lakini huu haukuwa na mahali pa kuishia. Ghorofa nyembamba zimebanana, kila moja ina upana wa duka langu na urefu wa kanisa. Kisha pikipiki. Kigali tuna pikipiki nyingi, lakini zetu zina adabu: abiria mmoja, na kofia kichwani. Hapa niliona moja imebeba baba, mama, watoto wawili na mti ndani ya chungu. Nyingine ilibeba kabati la nguo, na kwa kuwa dereva nilimwona miguu tu, nadhani barabara alikuwa anaikumbuka kwa kichwa.

Mchana, mitaa ya kale. Yvan alinieleza kwamba mji una karne kumi na kwamba mafundi wa zamani waligawana mitaa: huu wa hariri, ule wa karatasi. Tulipofika mtaa wa mabati nilisahau kilichonileta. Duka baada ya duka, watu wamechuchumaa kando ya njia wakigonga ndoo na mifereji ya maji. Nilitaka kuhamia. Yvan akanivuta mkono, akanikalisha kwenye kistuli cha plastiki kilichofika nusu ya ugoko wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama, magoti yakawa jirani na masikio. Kisha mama muuzaji akanikabidhi kahawa ya baridi ndani ya mfuko wa plastiki.

Ndugu zangu wa Kigali mnanielewa: kwetu mfuko wa plastiki ni marufuku. Nilitazama kushoto na kulia kuona kama kuna polisi. Nikainywa haraka, mfuko nikauficha mfukoni mwa koti, na sikutulia mpaka Yvan alipoutupa mwenyewe mbele ya watu wote.

Saa chache baadaye, ukingoni mwa barabara kubwa. Tulikuwa tunakwenda kukutana na baba yake Linh kwenye mkahawa ng'ambo ya pili. Yvan akavuka akidhani niko nyuma yake. Mimi nilikuwa nimesimama penye mistari ya zebra, mguu mmoja barabarani, fimbo mbele, nikisubiri magari yasimame kama yanavyosimama kwetu. Hakuna kilichosimama. Pikipiki zilinipita mbele, zilinipita nyuma, na moja ilipita kati yangu na fimbo yangu.

"Mjomba, vuka tu!" Yvan alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Zisimame kwanza!"

"Hazisimamaki! Hiyo zebra iko ya kupamba tu!"

Niliendelea kusubiri. Nilisubiri mpaka bibi mmoja mwenye mizigo miwili begani akavuka, akauza, akarudi. Ndipo mzee mfupi mwenye kofia ya kijani akatoka kule kwenye mkahawa, akapita katikati ya pikipiki taratibu kama mtu anayekwenda kufunga dirisha, akanishika mkono bila neno. Tukaingia. Hakukimbia, hakusimama. Katikati ya barabara lori lilipotupigia honi nilitaka kurudi nilikotoka, naye akanibana vidole kwa nguvu, tukaendelea. Pikipiki zikatupisha zenyewe, hizi huku, zile kule. Tulipofika ng'ambo nilikuwa nimelowa jasho na bado nimemshika mkono.

Yvan alikuwa ameinamisha kichwa. "Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "huyu ndiye baba yake Linh."

Hivyo ndivyo umukwe mukuru wa Niboye alivyojitambulisha kwa wakwe zake. Bwana Thanh, dereva wa treni mstaafu, alinitazama, akatazama fimbo, akaagiza bia.

Siku ya posa, asubuhi, nyumbani kwa Bwana Thanh. Tulipanda ngazi na masinia mekundu yenye chai, matunda, tambuu na popoo kama desturi yao inavyotaka, na juu yake mimi nikaweka asali, agaseke na ng'ombe wetu wa kwenye fremu. Bibi yake Linh alimpangusa ng'ombe vumbi akamsimamisha karibu na madhabahu ya wazee wao waliofariki, ubani ukimfukizia pua. Linh alikaa karibu na mama yake amevaa kanzu ndefu nyekundu, mzuri, ametulia, macho yakicheka.

Nikasimama. Nikawaeleza tulikotoka, milima tuliyopita, sifa za ukoo wetu. Yvan akatafsiri, ingawa niliona maneno yangu ya dakika nzima yakitoka upande wa pili yakiwa mawili. Bwana Thanh akainuka, akasema kitu kifupi, akakaa.

"Amesema karibuni, wamekubali, tunywe chai," Yvan akasema, uso umemeremeta.

Nikabaki nimesimama. Wamekubali? Safari yote ile, fimbo imelala chini na mizigo, halafu wamekubali kabla chai haijapoa? Nilimtazama yule binti na moyo ukaniuma kweli. Alikuwa anatolewa kama pakiti ya misumari. Nitamwambia nini Domitila, kwamba nimemletea mkwe ambaye kwao hakuna aliyemng'ang'ania?

"Yvan, waambie hatukubali kukubaliwa."

"Mjomba, tafadhali. Wamesema ndiyo. Ndiyo, mjomba! Kaa tunywe chai."

"Waambie binti kama huyu hatolewi hivi. Watukatalie kwanza. Tafsiri!"

Yvan akatafsiri kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Bibi akaacha kutafuna tambuu. Ni Linh aliyetuokoa. Yvan alikuwa ameshamsimulia desturi zetu, naye akamwinamia baba yake akamnong'oneza kwa kirefu. Bwana Thanh akanitazama. Akainuka, akavuta shati, akanyoosha kidole kwenye picha ya ng'ombe.

"Anasema ng'ombe huyu amekonda," Yvan akatafsiri.

"Mwambie amekonda kwa kumngoja Linh!"

Basi mambo yakapamba moto. Alisema Linh anakoroma. Nikasema ukoo wetu hulala vibaya penye kimya. Alisema hajui kupika. Nikasema Yvan hajui kula, wanafaana. Alisema ameshaahidiwa kwa mtoto wa muuza tambi wa pale chini. Mama mtu akacheka mpaka akafuta macho. Nilikuwa nyumbani. Laiti Niboye wangeniona!

Halafu Bwana Thanh akaacha kucheka. Akasema maneno machache kwa sauti ya chini, akimtazama binti yake, na Yvan hakutafsiri.

"Amesemaje?"

"Anasema..." Yvan akamtazama Linh. "Anasema Kigali ni mbali. Mtoto wake ni mmoja. Akiugua huko, nani atajua anachopenda kula akiwa mgonjwa? Anasema alikuwa amekubali haraka ili asipate muda wa kufikiria. Sasa umempa muda. Anasema hapana."

Mdomo uliponza kichwa. Mama yake Linh alikuwa analia kwa kweli, Linh naye ameshika ukingo wa kanzu yake, na Yvan, mtoto wa dada yangu, alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Walikuwa wamempa mke, mimi nikamnyang'anya. Nilitafuta methali moja tu. Hazikuja. Zote zilikuwa za kujibu hapana ya mchezo, na hii haikuwa ya mchezo.

Nikalaza fimbo sakafuni. Nikaenda nikaketi kando ya Bwana Thanh na kumshika mkono, ule ule alionishika nao barabarani.

"Juzi ulinivusha na hata jina langu ulikuwa hulijui," nikasema. "Kigali magari husimama. Linh hatahitaji mtu wa kumvusha. Lakini mimi nitamshika mkono hivyo hivyo, na siku ya kwanza tutakupigia simu uone kwa macho yako. Na hicho chakula cha mgonjwa, sikijui. Nifundisheni."

Yvan akatafsiri, na safari hii sikumhisi akipunguza. Bwana Thanh akaitazama mikono yetu. Kisha akasema neno moja kwa mkewe. Mama yake Linh akainuka, akajifuta uso kwa kiganja, akanionyesha jiko.

Adhuhuri, jikoni. Nilivuliwa koti nikafungwa aproni yenye maua. Uji wa mchele hupikwa taratibu, mchele upasuke wenyewe bila kuharakishwa. Tangawizi hukatwa nyembamba sana, kitunguu cha majani huja mwisho. Nilipokata tangawizi vipande vinene mama yake Linh alinipiga mkono kwa mwiko. Wa kwanza uliungua chini, akaumwaga. Wa pili Bwana Thanh aliuonja akiwa amesimama mlangoni, akaufikiria, akatikisa kichwa kukubali. Binti tukapewa hapo hapo, kati ya sufuria na ndoo ya mboga, na bibi akaleta tambuu. Nilitafuna. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba hata uchungu wake niliusifu.

Kigali, siku ya kurudi. Pale Kanombe walinivua kila plastiki iliyofunga zawadi, nikatoka nimekumbatia vifurushi vya chai na tambi kavu kifuani kama mtu aliyeokoa vitu kwenye moto. Domitila alikuwa ananisubiri kwenye kiti. Hakunisalimia kwanza.

"Walikutoa jasho?"

"Walinitoa, dada. Karibu wanitoe na roho."

"Vizuri," akasema, akashusha pumzi. "Basi ni ukoo wa watu."

Miezi ilipita, wakaja wakiwa mke na mume. Siku ya kwanza Linh alipotaka kuliona soko la Kicukiro nilivaa koti, kwa kuwa ahadi ni deni. Yvan alisimama nyuma yetu na simu, Bwana Thanh ndani yake amevaa kofia yake ya kijani. Nikampa Linh mkono, nikaanza kumweleza kwamba tunakwenda hadi pale kwenye mistari, tunaweka mguu, tunasubiri.

Alikuwa ameshaingia barabarani. Si penye zebra. Hapo hapo tulipokuwa, taratibu, bila kukimbia, bila kusimama, ananivuta. Magari yakafunga breki. Basi likapiga honi. Dereva wa pikipiki akasimama puani mwetu, ameinua kioo cha kofia ili atuone vizuri.

"Muzee! Uyu dada mumufundishe zebra!"

Kwenye simu nilimsikia Bwana Thanh akicheka mpaka anakohoa. Nami, msemaji wa posa nyingi, nilipoteza maneno kwa mara ya pili katika maisha yangu, nikageuka nirudi nilikotoka. Linh akanibana vidole kwa nguvu, vile vile kama baba yake, tukaendelea.