Sauti Iliyomalizia Maneno Yangu

Nina tabia moja ambayo walimu wengi wa shule za msingi tunayo na hatuijui mpaka mtu mwingine atuambie. Sisemi neno likaisha. Nikifika katikati naliachia hewani, nainua sauti kidogo na kusubiri darasa lilimalizie. "Mbuzi ni mnyama, na kuku ni nde—" na darasa zima linaitikia, "—ge!" Ukifanya hivyo miaka mingi, mdomo unazoea. Nikienda likizo kwa mama yangu Iringa, namwambia maji yameche— na yeye ananitazama tu, kisha ananiuliza kwa Kihehe kama naumwa. Mwenye duka wa mtaani kwetu Soweto, hapa Mbeya, hunitania kwamba yeye hakusoma kwangu, kwa hiyo niombe sukari nzima.

Tabia hiyo niliipeleka mpaka kwenye taarifa za kufunga shule. Zamani, kila mwisho wa muhula, mimi kama mwalimu mkuu nilikuwa naandika barua kwa wazazi, na barua hizo ziliishia kufungia vitumbua. Mikutano nayo ilihudhuriwa na walewale, mabibi wachache wenye subira na baba mmoja mwenye malalamiko ya kudumu. Basi nikaamua kurekodi taarifa kwa sauti na kuituma kwenye grupu la wazazi. Mama anayepanga nyanya sokoni anaweza kunisikiliza huku anahudumia wateja, na dereva wa lori aliye njiani kwenda Zambia naye hapitwi. Waliipenda, ingawa walinicheka kwa vile hata humo niliachia maneno katikati. Wengine walikiri kwamba huwa wanayamalizia wenyewe bila kutaka.

Mwezi wa sita huku Mbeya baridi si ya mchezo. Shule yetu iko upande wa juu wa mji, nyuma yake mikaratusi mitupu, na ukungu ukishuka unaweza kusimama mlangoni mwa ofisi usiione bendera. Muhula huo ulikuwa mgumu kwetu. Wakati wa mvua kubwa tulimpoteza mtoto wa darasa la tatu, binti wa mama mmoja anayeuza vitenge sokoni. Homa ilimshika na wiki haikuisha. Wenzake waliendelea kuiacha nafasi yake kwenye dawati bila kuagizwa na mtu.

Alikuwa mtoto mtulivu, na alichelewa kuitikia. Darasa likishasema "ge" na kunyamaza, yeye ndiyo anaitoa "ge" yake peke yake, taratibu, kama mtu anayefunga mlango baada ya wenzake wote kupita. Nilikuwa namtania kwamba atachelewa hata harusi yake. Alipoondoka nikajikuta nasubiri ile sauti ya mwisho, na darasa linanishangaa nimesimama tu na chaki mkononi. Mama yake alibaki kwenye grupu la wazazi. Sikuwa na moyo wa kumtoa, na mwenyewe hakutoka.

Tulifunga shule Ijumaa, kwa fujo zilezile za kila muhula. Watoto walikimbia huku na huku na ripoti zao, ndugu walikuja kuwachukua, wengine waliondoka bila kuaga. Nilipotulia nilifunga madarasa na stoo ya mahindi kwa mkono wangu. Jumamosi asubuhi nilirudi ofisini kurekodi taarifa, maana nyumbani kwangu majirani wana redio yenye nguvu kuliko imani yao. Ofisi na stoo vinatenganishwa na ukuta mmoja, na juu ya ukuta huo dari haikumaliziwa, umebaki uwazi.

Nikakaa na koti langu, nikaanza. Mitihani imefanyika kwa sala—. Waliofanya vizuri tunawapo—. Shule itafunguliwa mwezi wa sa—. Kila mzazi alete mahindi na maha—. Ofisini kulikuwa kimya kabisa. Naweza kuapa, kwa sababu nakumbuka nilijisikia mpweke kuongea namna ile bila kuitikiwa. Nikatuma bila kusikiliza, nikafunga, nikamuaga mlinzi na kurudi Soweto kupanga mizigo. Kesho yake nilikuwa na basi la Iringa.

Nilikuwa nakunja nguo simu ilipoanza kulia mfululizo. Baba mmoja, mtu wa utani, aliandika: "Madam, hata Jumamosi una tuisheni? Huyo anayekuitikia ni nani?" Wengine wakacheka. Kisha mama mmoja akaandika kwamba yeye hacheki, amesikia vizuri kabisa, kuna mtoto humo ndani. Nikaiweka simu sikioni.

Sauti yangu ilisema "mwezi wa sa", ikasubiri, haikupata kitu, ikaendelea na habari nyingine. Hapo ndipo mtoto aliposema "ba". Alisema kwa sauti ndogo, chini ya maneno yangu, akiwa amechelewa. Kwenye mahindi vilevile. Mimi nimeshafika kwenye habari ya kunyoa nywele, yeye ndiyo anasema "rage". Nilikaa kitandani juu ya nguo nilizokwisha kukunja.

Mimi ni mtu wa kanisani na sina uvumilivu na habari za mizimu. Kila mwaka kuna mzazi anakuja kuniambia chooni kwetu kuna jini, na kila mwaka namwambia kilichopo ni ukosefu wa maji. Nikaandika kwenye grupu: wazazi, kila mmoja ahakikishe mtoto wake yuko wapi sasa hivi, anijibu. Majibu yakamiminika. Yupo. Yupo anaoga. Yupo kwa bibi yake Tukuyu. Yuko njiani na baba yake mdogo wanaelekea Ruaha Mbuyuni. Yupo, kalala. Saa sita mchana kila mtoto wa shule yangu alikuwa na mahali pake, na hilo lilinitisha kuliko sauti yenyewe.

Ndipo akapiga simu yule mama wa vitenge.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mwalimu, umewauliza wote. Mbona mimi hujaniuliza?"

Akaendelea kwa upole, kwa kile Kiswahili chake cha nyumbani kwao, watu waliopanda kutoka pwani vizazi vilivyopita na hawajakiacha.

"Nimeisikiliza, nimeirudia. Yule ni mwanangu. Nawe wamjua alivyokuwa akichelewa."

"Mama, nisikilize," nikamwambia. "Huenda kuna mtoto amefungiwa shuleni. Mtoto mzima, anayepumua. Naenda kufungua sasa hivi."

"Haya. Nami naja."

Nilitaka kumkataza, lakini alikuwa ameshakata simu. Nilichukua bodaboda na njia nzima sikuwaza mizimu. Niliwaza kwamba kama kuna mtoto mle ndani, basi amelala na baridi ya usiku ule, na mimi ndiye niliyemfungia. Nisipompata leo, mimi mwenye funguo naondoka kesho asubuhi na shule itakaa kimya mpaka likizo iishe. Niliogopa kwelikweli. Nilimwambia kijana wa bodaboda aongeze mwendo, mimi ambaye siku zote huwagombeza kwa mwendo.

Ukungu ulikuwa umeshuka tena. Yule mama alikuwa ameshafika, amesimama getini na baibui lake na mtandio mzito mabegani. Mlinzi wetu, mzee wa Kinyakyusa, alikuwa amejiweka katikati ya geti kama anazuia ng'ombe.

"Ndaga, Madam," akaniitikia salamu. "Huyu mama mimi nimemwambia. Watoto wote imeondoka jana. Mimi nimezunguka usiku, nimezunguka asubuhi, mtu hakuna humu. Hata paka hakuna."

"Fungua, baba. Tuhakikishe."

Nilifungua darasa moja baada ya jingine. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Madawati yalikuwa yamepandishwa juu ya mengine, na ubaoni kulikuwa na mahesabu ya Ijumaa. Yule mama hakuita hata mara moja. Alikuwa akiingia kila darasa nyuma yangu, anasimama, anasikiliza, kisha anatoka. Darasa la tatu alikaa zaidi. Nilimwacha, nikaenda kusimama kwenye veranda mbele ya ofisi, nimeishiwa mbinu.

Mtoto aliyejificha haji akiitwa. Hilo nalijua, nimewatafuta wengi juu ya miti na nyuma ya matangi. Lakini mdomo wa mwanafunzi wangu najua pia ulivyozoezwa. Nikavuta pumzi na kusema kwa sauti ya darasani, kwenye ukungu mtupu:

"Mbuzi ni mnyama, na kuku ni nde—"

Mlinzi akanitazama, akasogea pembeni. Kimya.

"Maji ya kunywa lazima tuyache—"

Kimya. Yule mama alikuwa ametoka darasani na kusimama karibu yangu, namsikia anavyohema.

"Bendera yetu ina kijani, njano, nyeusi na bu—"

Nilihesabu nafasi ile moyoni kama ninavyoihesabu kila siku. Ikapita. Nikafungua mdomo niseme jingine, na hapo, nyuma ya mlango wa stoo, sauti iliyokauka ikasema, "—luu."

Yule mama alinishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza. Ufunguo haukutaka kuingia. Mlinzi ndiye aliyeninyang'anya, akafungua yeye, huku anasema maneno ya Kinyakyusa ambayo nadhani yalikuwa sala.

Alikuwa amekaa kwenye kona, kati ya magunia ya mahindi, amejifunika magunia matupu mpaka kidevuni. Midomo ilikuwa imepauka na mikononi alikuwa na chembe za sukari ya uji. Alikuwa hai. Nilimtambua palepale, ni yule aliyekuwa akikaa dawati moja na marehemu.

Nilipiga magoti nikamkumbatia na kulia mbele ya mlinzi, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Yule mama hakupiga magoti. Alimtazama mtoto usoni, kisha akatazama nyuma yake, akatazama kona zote za stoo, juu ya magunia, mpaka nyuma ya mlango. Alipomaliza kutazama alivua mtandio wake, akaja, akamfunga nao mtoto wa mwenzake.

Habari yake ilitoka kidogokidogo. Baba yake analima vitunguu Ruaha Mbuyuni, na yeye anaishi huku Mbeya kwa shangazi ili asome. Likizo iliyopita alipelekwa kule kusaidia palizi na akarudishwa shule muhula ukiwa umekwenda mbali. Hakutaka kwenda tena. Ijumaa baba yake mdogo alipokuja kumchukua, mtoto aliingia stoo wakati tunapakua magunia, akajilaza nyuma. Baba mdogo akadhani ameshaondoka na shangazi, akaenda zake bila kupiga simu. Shangazi akadhani yuko njiani na baba mdogo, na ndivyo alivyonijibu kwenye grupu. Nilimpigia, na alivyopiga kelele ilibidi niiweke simu mbali na sikio.

Mlinzi alileta chai yake mwenyewe kwenye kifuniko cha chupa. Mtoto alipopata joto kidogo, nikamuuliza, si kwa ukali.

"Asubuhi nilipokuwa naongea na simu ofisini, wewe ndiye uliyekuwa unaniitikia?"

"Si mimi, mwalimu."

"Hapana shida. Sikuchapi. Nataka kujua tu."

"Mimi nilinyamaza. Niliogopa utanisikia."

"Sasa nani aliitikia?"

"Mwenzangu," akasema, na kunywa chai.

Nimefundisha muda mrefu. Sijawahi kukutana na mtoto aliyekutwa na kosa akasema ni mimi. Kioo kikivunjika ni mwenzangu, chaki zikiibwa ni mwenzangu, na huyo mwenzangu huwa hana jina wala hapatikani. Ndivyo watoto walivyo, na mtoto huyu mdomo ulikuwa umemponyoka asubuhi kama ulivyomponyoka mchana. Nilikuwa na sentensi hiyo tayari, nimegeuka kumwambia yule mama, ili asibebe kitu kisichokuwepo mpaka nyumbani kwake.

Lakini alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mtoto. Alimshika mikono yote miwili na kuisugua polepole.

"Mwanangu," akamuuliza, "alikuwa akisikia baridi?"

Mtoto alinitazama mimi kwanza, kama wanavyotazama wakitaka kujua jibu sahihi. Sikumpa lolote. Akamgeukia.

"Hapana, mama. Tulijifunika wote."

Yule mama alifumba macho. "Alhamdulillahi," akasema taratibu, kama mzazi aliyepigiwa simu kuambiwa mtoto amefika salama.