Dawa Ni Ile Ile

Hadi leo nikipita mbele ya ile agroveti, duka la dawa za mifugo, ya pale senta, Endarasha, hasira hunipanda upya. Likizo moja nilimwacha binti yangu, ambaye hata shule ya msingi alikuwa hajaanza, kwa mama yangu, maana mimi nafanya kazi mjini Nyeri. Mtoto akaanza kulalamika tumbo, na mama akaona mnyoo chooni. Alimpeleka zahanati. Wakamwambia dawa ya minyoo imeisha, akajinunulie.

Basi akaenda kwa mwenye agroveti, anayemuuzia dawa za kuku miaka yote. Yule bwana akachota unga mweupe kwenye mkebe wa kuku, piperazini, akaufunga kwa kipande cha gazeti. Hakutaja kipimo. Alimwambia tu kwamba dawa ni ile ile.

Mama akafanya alivyozoea. Kuku huwanyima maji tangu jioni, ili asubuhi kiu iwafanye wanywe dawa yote wasibakishe. Mjukuu naye akanyimwa maji jioni. Asubuhi akapewa kikombe cha maji yenye ile dawa, akakimaliza, maskini, akaomba kingine, akaongezwa. Kufikia saa nne alikuwa anapepesuka uani kama mlevi, huku anatapika.

Nilimkuta hospitalini na dripu mkononi. Daktari alikuwa anamfokea mama kwa Kiingereza mbele ya wodi nzima, na mama, asiyejua Kiingereza, anaitikia "ndiyo" kila mara. Nilimwambia daktari anyamaze. Sijutii.

Mtoto alipopona nilienda agroveti.

"Lakini si ni ukweli, mum," mwenye duka aliniambia, huku akiendelea kupanga chupa zake. "Hiyo dawa ni moja tu. Ya kuku, ya watu, hata viwandani wanatumia. Na si minyoo ilitoka?"

Kinachonichoma ni kwamba hakudanganya. Nilitafuta nikasoma: piperazini ni ile ile kweli, ya nguruwe, ya kuku, ya watoto, na viwandani ina kazi yake kwenye plastiki. Hata chumvi ni ile ile, lakini nani humpa mtoto kikombe kizima? Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Alinisubiri nimalize, kisha akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Likizo iliyofuata nilikwenda na mtoto kwa mama makusudi, mama aone kwamba bado namwamini. Jioni nikiwa zizini nakama, nilisikia mtoto akimwomba mama yangu maji. Mtungi ulikuwa hapo hapo miguuni pa mama, na kikombe juu yake. Nilichungulia. Mama alikuwa ameficha mikono ndani ya shali.

"Ngoja mama yako akuje akupatie," alisema.

Mtoto akakaa na kiu yake hadi nilipomaliza kukama.