Siku Saba Nilizokalia Hoja ya Mwenzangu

Wakati wa vita vya pili vya Kongo nilikuwa nafundisha hisabati kwenye shule moja ya sekondari hapa Uvira, na mtu akiniuliza nilifanya nini hasa miaka ile, jibu la kweli ni kwamba nilicheza maharage. Nilicheza na mwalimu wa fizikia, mwanaume aliyenizidi miaka sita, mzaliwa wa Bwegera kwa wakulima wa mpunga. Kwao walisema Kirundi, kwetu Kifuliiru, na shuleni tuligombana kwa Kiswahili. Wanafunzi wakishatoka mchana tulibaki darasani, tukachora miti miwili juu ya meza kwa kipande cha muhogo mkavu, kwa kuwa chaki ilikwisha zamani, kisha tukaanza.

Mchezo huo si wetu, ni wa watu wa mantiki duniani kote. Kuna miti miwili ya kuchora, inayokaribia kufanana lakini haifanani. Mshambuliaji anaweka harage kwenye tawi la mti mmoja. Mfichaji anamjibu kwa kuweka lake kwenye mti wa pili, mahali panapolingana na pale. Wanaendelea hivyo kwa zamu walizokubaliana. Zikiisha bila tofauti kuonekana, mfichaji ameshinda, na maana yake ni kwamba lugha ya mantiki, kwa sentensi za kina kile, haina uwezo wa kuitenganisha miti ile miwili. Mimi nilikuwa mshambuliaji siku zote, maana sina subira na napenda kuvunja vitu. Yeye alikuwa mfichaji. Hatukuwahi kubadilishana.

"Dada, weye unashambulia kama muntu mwenye gari inamuacha," alikuwa akiniambia. "Haraka haraka haina baraka."

"Na weye unajibu kama muntu mwenye kungojea mupunga ukomae."

"Mupunga ndiyo ulinisomesha," alisema, na akaweka harage lake pale pale nilipokuwa naogopa ataliweka.

Baada ya mwaka mmoja na nusu tulikuwa na kitu. Kwa aina fulani ya miti tuliweza kusema mshambuliaji anahitaji zamu ngapi ili ashinde, si moja zaidi wala moja pungufu. Nusu ya kwanza ya uthibitisho, ya kuonyesha kwamba zamu hizo zinamtosha mshambuliaji, ilikuwa yangu. Nusu ya pili, ya kuonyesha kwamba zikipungua hata moja mfichaji anaokoka, ilikuwa yake, na ndiyo ilibebwa na hoja moja ndogo ambayo sisi tunaiita lema. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kufikiri mimi, na sitasema uongo, iliniuma kidogo.

Kuandika niliandika mimi, kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa chepesi na mkono wake ulikuwa mzito. Nilipofika kwenye lema yake nilikwama mahali pamoja. Mshambuliaji akiacha tawi moja, akacheza kwingine, kisha akarudi kwenye lile aliloliacha, mfichaji anafanya nini? Nilimwuliza siku ya Ijumaa, yeye akiwa anafunga mfuko wake aende Bwegera kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa.

"Ile iko rahisi," alisema. "Nitakuonyesha siku ya kwanza."

Sikungoja hiyo siku ya kwanza, yaani Jumatatu. Niliandika "ni wazi kwamba", nikaendelea. Wenzangu wa kazi hii wanajua uvivu unaolala chini ya maneno hayo.

Siku ya kwanza hakurudi. Kulikuwa na mapigano kwenye barabara ya tambarare, barabara ikafungwa, na simu hatukuwa nazo. Juma likapita, likaja la pili. Mezani kwangu kulikuwa na tangazo tulilopewa na mwalimu wetu wa zamani wa Bujumbura: mkutano wa mantiki na nadharia ya kompyuta, Nairobi, majuma mawili, masomo asubuhi na mihadhara mchana, na waandaaji wanagharamia safari ya watakaokubaliwa. Siku ya mwisho ya kutuma makala ilikuwa imekaribia. Kwa kuwa mtandao ulikuwa Bujumbura, nilichukua karatasi zetu nikaenda peke yangu.

Kabla ya mpaka wa Kavimvira watu wenye silaha walikuwa wameziba njia kwa bariyeri. Sitasema walikuwa wa nani, bariyeri za wakati ule zilibadilisha wenyewe kila baada ya muda. Walikuwa wakisoma karatasi za watu. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mchuuzi wa samaki wa Kalundu, amebeba barua aliyopewa aifikishe ng'ambo. Mmoja alisoma jina juu ya bahasha.

"Huyu ni muntu wa wapi? Weye unamujulia wapi?"

Mama alijibu kwamba hamjui, ametumwa tu. Wakamketisha juani. Jina la mwenzangu lilikuwa la namna ile ile, la Kirundi, ukilisoma tu unajua mtu katoka wapi, na lilikuwa juu ya ukurasa wangu wa kwanza. Nilitoka kwenye mstari kama mtu aliyebanwa na haja, nikazunguka nyuma ya choo, nikachana kipande chenye majina yetu mawili na kukitupa shimoni. Zamu yangu ilipofika, kijana mwenye bunduki alifunua karatasi moja moja, akatazama ile miti.

"Hii ni nini?"

"Ni hesabu ya wanafunzi."

Akanirudishia. Yule mama nilimwacha bado ameketi.

Hofu ile siionei haya. Aliyekuwa pale ataielewa, na ambaye hakuwapo anyamaze. Haya yangu inaanzia Bujumbura, kwenye siber, ile nyumba ya kompyuta, ambako hakuna aliyeniuliza mtu yeyote katoka wapi. Fomu ilisema kwamba wanagharamia mwandishi mmoja tu kwa kila makala, na kama waandishi ni wawili, yule asiyekuja aandike barua ya kukubali. Barua yake ningeipata wapi? Halafu nikaandika jina langu, peke yake, na nikajiambia nitaongeza lake baadaye. Nilitaka kwenda. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayecheza maharage kwenye mji uliofungwa, na nilitaka kukaa kwenye chumba kimoja na watu wanaojua ninachosema.

Nilikubaliwa. Nairobi nilizungumza siku ya kwanza kabisa, Jumatatu mchana, na mambo yalikwenda vizuri mpaka maswali. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinua kalamu. Aliuliza, kwa upole kabisa, mfichaji anafanya nini pale mshambuliaji anaporudi kwenye tawi aliloliacha. Ndiyo pale pale penye "ni wazi". Niliutazama mti wangu ubaoni. Najua kuushambulia mti ule kwa njia arobaini. Kujibu, hata siku moja sikuwahi kujibu, alikuwa akijibu yeye. Nikasema kile tunachosema sote tukibanwa, kwamba maelezo hayo yamo kwenye makala kamili. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Wakati wa chai alinijia profesa mmoja, mama wa makamo mwenye viatu vya turubai. Alisema nusu ya kwanza ya makala ni kazi safi, lakini lema ya nusu ya pili ni kitu kingine, na mtu aliyeifikiria anapaswa kuendelea. Alikuwa na nafasi moja ya shahada ya udaktari, miaka minne, na bursi ya kuilipia. Alihitaji uthibitisho kamili wa lema ile, umfikie kabla mwezi haujaisha. Usipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Nilimwambia asante sana.

Ningeweza kusema pale pale, kikombe kikiwa mkononi. Maneno yalikuwa matatu tu: si yangu, profesa. Badala yake nilirudi chumbani nikaanza kuutafuta uthibitisho mwenyewe. Nilidhani nikiupata, basi utakuwa wangu pia kidogo. Niliazima njiti za kiberiti jikoni, nikachora miti kwenye karatasi, nikacheza pande zote mbili. Haiwezekani. Ukicheza na nafsi yako mshambuliaji wako anakuwa mpole, anakuachia nafasi, na mwisho unajikuta umethibitisha kile ulichokuwa unakitaka. Kila jioni niliona nimepata, na kila asubuhi pengo lilikuwa pale pale. Jumanne, Jumatano, hadi Jumapili. Masomo ya asubuhi, ambayo ndiyo niliyaota, sikusikia hata moja.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa siku saba. Jumatatu ya pili nilimfuata profesa nikamwambia: lema ni ya mwenzangu, jina lake nilichana bariyerini na sikulirudisha, na hajui kwamba niko hapa. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliuliza kama yu hai, nikasema sijui. Aliketi akamwandikia mwenzangu barua kwa mkono, ya kumpa ile nafasi, kisha akaenda mwenyewe kuomba tiketi yangu ibadilishwe, na kesho yake nikasafiri. Tarehe, alisema, hana uwezo wa kuisogeza.

Bujumbura nilikuta mpaka umefungwa. Ulikuwa umefungwa siku ile ile ya Jumatatu, baada ya kuwa wazi juma zima lililotangulia. Nililala kwa shangazi yangu siku kadhaa, nikivuka mji kila asubuhi kwenda kuuliza na kurudi. Ulipofunguliwa nilipita Uvira bila kulala, nikapanda lori lililokuwa linajaribu barabara ya tambarare, nikashuka Bwegera.

Nilimkuta shambani, suruali imekunjwa mpaka magotini, yuko majini na mpunga. Nililia kwa kumwona mzima, naye akacheka kuniona nalia, maana hakuwahi kuona jambo hilo. Kabla hajaosha miguu nilimwambia habari ya jina. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa bariyeri hata minye ningelichana," alisema. "Na Buja?"

"Kule Bujumbura nilitaka tu kwenda Nairobi."

Aling'oa gugu moja katikati ya mpunga, akalitupa ukingoni.

"Sawa, dada. Umesema kweli yenyewe. Mama angekuwa mugonjwa ao hapana, minye singeweza kutoka huku." Kisha akafungua barua ya profesa, akaisoma akiwa amesimama. Aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaisoma tena.

Uthibitisho ulimchukua muda wa kuchemsha chai. Alichora miti kwenye udongo wa ukingo, akaniambia nishambulie, nikashambulia, nikarudi kwenye tawi nililoliacha.

"Angalia. Usihesabu mara zenye zimepita," alisema. "Hesabu zenye zimebakia. Kila tawi iko na hesabu yake."

Hayo tu. Niliandika palepale, goti likiwa meza, na safari hii majina mawili.

Lakini lori la kurudi lilikawia, na mpaka ulifungwa tena kabla hatujaufikia. Tulipoingia siber ile, sisi wawili, mwezi ulikuwa umeisha siku nne zilizopita. Tulituma hata hivyo. Jibu lilikuja kesho yake. Profesa aliandika kwamba uthibitisho ni sahihi na ni mzuri mno, kwamba alimngoja siku mbili kinyume cha utaratibu, na kwamba nafasi imekwisha kwenda kwa mwingine. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli.

Mwenzangu alisoma mara mbili. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Ni vita, dada," alisema. "Tungefanya nini?"

Ni mtu wa hesabu. Kama ningemwambia ni Jumatatu gani profesa alinipa habari na mimi nikafungua mdomo Jumatatu gani, asingehitaji kalamu. Nilimwambia tu twende, tusije tukakuta mpaka umefungwa.

Makala yetu ilichapwa kwa majina mawili, yamepangwa kwa alfabeti kama desturi ya kazi yetu, na langu likatangulia. Hakuna nafasi nyingine kama ile iliyokuja. Alirudi shuleni, amefundisha fizikia mpaka leo, na bado tunaandika pamoja. Mimi naandika, yeye anasoma na kunionyesha palipo na pengo.

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja, binti mwenye akili ya kutisha, alitukuta darasani akamwuliza mwenzangu kwa nini hakwenda kusoma nje, mtu kama yeye. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Alijibu bila uchungu wowote.

"Ilikuwa vita, mwanangu. Mwenzangu huyu alifanya yote. Alinifuata mpaka mu mupunga."

Binti alinitazama kwa heshima. Mimi niliinamisha kichwa nikaendelea kusahihisha daftari, na kila alama niliyoweka siku ile ilibidi niisahihishe upya. Kurasa hizi nimeziandika juma hilo hilo. Mwenzangu ndiye atakayezisoma kwanza, kama kawaida, na nimekwisha kumpa.