Maganda ya Kaa Kaburini

Ijumaa ile nilikwenda makaburini baada ya kazi. Nawapikia kaa watalii wanaoletwa kwa boti hapa Mkwiro, kuona pomboo na matumbawe. Wakishashiba, hutembezwa kijijini mpaka kwenye makaburi ya kale. Siku hiyo aliyewatembeza alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita ili nimlee yeye na wenzake wawili, na Kiingereza chake kilikuwa fahari yangu.

Niliwakuta kwenye kaburi la mama yetu. Sisi hatukuandika jina: jiwe la matumbawe kichwani, jingine miguuni, basi. Hewa ya chumvi huyachakaza upesi, mgeni akadhani ni ya karne nyingi. Mwanamke mmoja alikuwa amelikalia jiwe la kichwani, akifyonza gando la kaa alilotoka nalo mezani. Maganda aliyatupa hapo hapo, juu ya mama.

"Unawaambia nini hawa?" nilimwuliza mdogo wangu.

"Tulia, dada. Hadithi tu. Binti wa sultani, alikufa akimngoja mchumba." Akacheka. "Kwani wanajua?"

"Na wewe hujui?"

Akatazama saa.

"Waambie ni mamako."

Akawaambia kitu. Yule mwanamke hakuinuka. Alinitazama kwa huruma, akaninyooshea simu, akanipiga picha. Kiingereza sina, lakini neno la binti mfalme nalijua, na nililisikia tena kinywani mwa mdogo wangu, akininyooshea kidole. Alikuwa amenifanya mtu wa ukoo wa yule binti wake wa uongo!

Hasira ilinipanda. Si kwa mgeni. Kwa huyu, niliyemtafunia wali akiwa hana meno.

"Msomee mama Fatiha," nikamwambia. "Hapa hapa, kwa sauti."

"Dada, boti inangoja."

"Ingoje."

Fatiha hakuweza kuigeuza hadithi. Alianza kwa sauti yake ya kazini, ikamkauka katikati, akaanza upya. Alipomaliza, wageni wakapiga makofi.

Hakuinua uso. Nilimwashiria yule mwanamke aondoke kwenye jiwe, nikainama kuokota maganda. Mdogo wangu naye akainama, akanyoosha mkono. Nikausukuma.

"Usimguse. Wapeleke wageni wako."