Fulskepu Kumi na Mbili za Kaka

Juzi, mwenzangu, binti yangu alinijia jikoni na penseli sikioni akaniuliza, "Mama, nikitaka kuchora katuni zangu mwenyewe halafu nizitoe kopi, ninunue karatasi za kipimo gani?" Nikamfokea. Maskini mtoto, hakunikosea lolote. Alirudi nyuma, akasema samahani, akaenda zake, nami nikabaki na mwiko mkononi, mchuzi ukiungua. Tangu siku hiyo sijakaa sawa, basi wacha nikueleze wewe kwanza kabla sijamweleza yeye.

Tulikaa Mishomoroni, vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya kupanga: bibi, mama, kaka yangu na mimi. Bibi alipika mahamri ya kuuza. Tuliamshwa na harufu ya iliki na mlio wa mafuta, na kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kukuna nazi ya mbaazi. Kaka alikuwa darasa la nane, mimi la nne. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaouma mpaka ndani ya mifupa, na mwaka ule ulimkalia vibaya. Muhula mzima hakutia mguu shuleni. Mwanzoni wenzake walikuja kumtazama kila Ijumaa, kundi zima. Halafu wakawa wawili, halafu mmoja, halafu hakuna. Watoto ndivyo walivyo, mimi siwalaumu, lakini kaka aliwalaumu, tena sana.

"Mwaka ukiisha wanatawanyika," aliniambia. "Hakuna atakayekumbuka kama nilikaa naye dawati moja."

Ndipo akaanza katuni yake. Ilikuwa ya paka anayeingia darasani na kukalia dawati la mwanafunzi mgonjwa. Mwalimu akiita majina, paka anaitika, "Nipo!" na mwalimu haoni tofauti. Paka anafanya mitihani, anachaguliwa kiranja, anapigwa picha ya darasa. Ukurasa wa mwisho, mwenye dawati anapona, anarudi shule, anamkuta paka amekaa pake. Kaka alitaka kila mwenzake apate nakala kabla shule hazijafungwa. Hakutaka kitu kingine mwaka ule, hata dawa alikuwa akizinywa kwa kubembelezwa.

Tulibishana siku mbili nzima juu ya karatasi. Mimi nilitaka A4 ikunjwe katikati, kiwe kijitabu cha kutia mfukoni. Akakataa katakata. Kuchora vidogo vidogo kulimuuma vidole. Mkono wake ulitaka nafasi. A4 nzima nayo akaiona fupi. Akachagua fulskepu, zile karatasi ndefu za mitihani, kwa sababu ukishachora safu tatu za picha, chini hubaki nafasi ya maneno. Viputo vya maneno alivichukia. "Vinafunika nyuso," alisema. "Picha zina kwao, maneno yana kwao." Mimi nikawa wa kupiga mistari kwa rula. Siku za maumivu alichora amelala kifudifudi na chupa ya maji moto kiunoni, mama akimwita aache, naye akijibu, "Labeka mama, namalizia sikio hili tu." Sikio moja la paka liliweza kula asubuhi nzima.

Zilipotimia kurasa kumi na mbili nikatumwa kutoa fotokopi. Bibi alitoa pesa akasema ni hiyo tu, asiombwe tena. Kaka akanishika mkono mlangoni. "Usikubali mtu apunguze kitu kwenye kazi yangu. Hata mstari."

Mama wa fotokopi alizitazama akatikisa kichwa. "Mwanangu, hizi ni ndefu, na mimi nina A4 tu. Nizipunguze zienee?"

Wallahi mimi nilidhani kupunguza ni kutoa baadhi ya picha. Nikamjibu kwa kile kiburi cha mtoto aliyetumwa na mkubwa, "Kaka amesema zisipunguzwe."

"Basi zitakatwa huku chini."

"Zikatwe."

Njiani ndipo nilipozitazama. Picha zote zilikuwapo, safu tatu kila ukurasa. Maneno hayakuwapo, hata moja. Nikaelewa pale pale, katikati ya njia, yule mama alikuwa ameniuliza nini: mashine izifanye ndogo kidogo, zienee zote na maneno yake. Na sikurudi. Niliona haya, na pesa ilikuwa imekwisha.

Kaka aliziangalia moja moja kitandani.

"Mashine yake haipokei fulskepu," nikasema. "Hapana njia kabisa."

Ulikuwa uongo, na nilikuwa na umri wa kuujua uongo. Akaniamini. Akaomba wembe na rula, akazikata fulskepu zake zote kumi na mbili, kipande cha chini cha kila moja, mpaka zikalingana na A4. Sasa ataandika upya ndani ya viputo, akasema, maneno anayo kichwani, na pesa ya kopi nyingine itatafutwa. Vile vipande vikatiwa kwenye debe la makaratasi ya kuwashia moto, na alfajiri bibi akavichukua akawashia jiko la mahamri. Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Niliviona vikijikunja, nikaendelea kukuna.

Viputo vinne vya kwanza vilimtoa jasho. Alikamilisha kurasa nne kwa wiki moja, kisha homa ikapanda. Asubuhi alipobebwa kupelekwa hospitali aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, "Yule mama hakusema njia nyingine?" Nikasema, "La." Hakurudi. Tulimzika baada ya sala ya alasiri.

Siku ya hitima mwalimu wake alikuja na darasa zima. Walikaa ubavuni mwa nyumba, sare zimepigwa pasi. Mama akaniambia niwagawie zile kopi, zitakaa ndani zifanye nini. Wakazipokea kwa mikono miwili. Wakacheka kidogo kwa ajili ya paka, kisha wakaona haya kucheka msibani. Yule rafiki aliyekuwa wa mwisho kuacha kuja alinifuata mpaka uani, kidole juu ya ukurasa wa mwisho.

"Hapa paka anamwambia nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimeyasoma maneno yale mara nyingi mpaka naweza kuyasema nimefumba macho. Lakini nilihisi nikilitoa hilo moja, na yale mengine yatatoka pamoja nalo, ya mashine na uongo wangu, mbele ya mama. Nikamwambia sijui.

Bibi hayuko tena. Ile nyumba imevunjwa, pamesimama gorofa, na wapangaji wake hawajui kama pale paliwahi kupikwa mahamri. Karatasi zile kumi na mbili ninazo, nne zina viputo, nane hazina. Nimejaribu kuziandikia mwenyewe nikashindwa. Kila nikiandika, paka anaanza kujitetea, na paka wa kaka hakuwa na tabia hiyo. Nakumbuka maneno ya mwisho yalikuwa mistari miwili, na kaka alicheka peke yake alipoyaandika, mpaka mama akachungulia kuona kuna nini. Siku ya hitima nilikuwa bado nayo yote. Ningeweza kuyaandika jioni ile ile. Niliulizwa nikasema sijui, na leo sijui kweli.